Kuunganisha Alamu ya Nyumbani na Simu: Waya wa Shaba, Faiba, Laini ya Mkononi au Redio?

Mtu anayefunga mfumo wa alamu nyumbani hutumia muda mwingi kuchagua sensa za milango, vitambua mwendo na king'ora, kisha swali la namna mfumo huo utakavyotoa taarifa nje ya ukuta wa nyumba humwachia fundi. Swali hilo lingestahili kujibiwa kwanza. King'ora kinacholia katika nyumba isiyo na mtu, kwenye mtaa ambao majirani wamezoea ving'ora vya magari usiku kucha, hakimtishi mwizi aliyejiandaa. Kinachomleta askari getini ni ujumbe uliofika kwa mtu aliye macho, na ujumbe huo unahitaji njia ya kupitia.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo mwenye nyumba wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa anaweza kukutana nazo: simu ya mezani ya waya wa shaba, simu inayopita kwenye faiba, laini ya simu ya mkononi iliyowekwa ndani ya mfumo wenyewe, na redio ya kampuni ya ulinzi. Hii ya mwisho si simu, lakini nimeijumuisha kwa sababu kampuni nyingi za ulinzi huitoa badala ya simu, na mteja hubaki akijiuliza kama amepewa kilicho bora au kilicho rahisi kwa kampuni.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni jinsi ujumbe unavyosafiri na unavyothibitishwa kwamba umefika. Cha pili ni kinachotokea umeme unapokatika. Cha tatu ni mambo yanayoweza kuiharibu njia hiyo, yawe ya mwizi au ya hali ya hewa. Cha nne ni muda unaopita kati ya njia kufa na mtu kujua kwamba imekufa. Cha tano ni gharama pamoja na kazi ya ufungaji. Cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu hakuna njia isiyoharibika, na tofauti kubwa kati ya mfumo mzuri na mbaya ni kwamba mzuri ukipoteza mawasiliano husema, na mbaya hunyamaza huku taa zake zikiendelea kuwaka.

Jinsi ujumbe unavyosafiri

Kwenye simu ya mezani, paneli ya alamu, yaani kisanduku kikuu ambako sensa zote huunganishwa, hufanya kazi kama mtu anayepiga simu. Sensa ikiguswa wakati mfumo umewashwa, paneli huishika laini, husikiliza mlio wa kupigia, kisha hupiga namba ya chumba cha udhibiti cha kampuni ya ulinzi. Mashine ya upande wa pili ikipokea hutoa milio miwili mifupi, mmoja wa hezi 1400 na mwingine wa hezi 2300, kuashiria kwamba iko tayari. Katika utaratibu uitwao Contact ID, unaotumiwa na paneli nyingi duniani, paneli hujibu kwa tarakimu 16 zinazotumwa kwa milio ileile ya vitufe vya simu: nne za namba ya mteja, mbili za aina ya ujumbe, moja inayoonyesha kama tukio ni jipya au hali imerejea kuwa ya kawaida, tatu za tukio lenyewe, mbili za eneo la nyumba, tatu za sensa au mtumiaji, na moja ya kuhakiki hesabu. Tukio namba 130 ni wizi, 110 ni moto, 301 ni kukatika kwa umeme, 302 ni betri dhaifu, na 602 ni jaribio la kawaida. Tarakimu hizo zote hupita kwa takriban sekunde 2, na paneli haikati simu mpaka isikie mlio mrefu wa hezi 1400 wa kukiri kupokea. Isiposikia, hurudia. Huu ni utaratibu wa zamani, lakini una heshima yake, kwa kuwa mtumaji hahesabu kazi imekwisha mpaka mpokeaji akiri.

Simu ya faiba inafanana na ya mezani kwa nje tu. Paneli huchomekwa kwenye tundu la simu lililo nyuma ya ruta na kupiga namba kama kawaida, lakini ndani ya ruta sauti hukatwakatwa kuwa vipande vidogo vya data viitwavyo vifurushi. Mtoa huduma akitumia mbinu ya kubana sauti kama G.729, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya maneno ya binadamu, milio ya paneli hupindika na mashine ya chumba cha udhibiti hushindwa kuisoma. Mbinu ya G.711, isiyobana sauti kwa kiasi hicho, huipitisha vizuri zaidi, ingawa vifurushi vikichelewa au kupotea tarakimu moja inaweza kuliwa na ujumbe mzima ukakataliwa. Kwa hiyo mwenye faiba asikimbilie tundu la simu. Aulize kwanza kama paneli yake inakubali moduli ya intaneti, yaani kifaa cha nyongeza kinachotuma ujumbe moja kwa moja kama data na kupokea jibu la data, bila kugeuza chochote kuwa sauti.

Laini ya mkononi hutumika kwa namna tatu ambazo wauzaji hupenda kuzichanganya. Moduli inaweza kupiga simu ya sauti, inaweza kutuma meseji, na inaweza kutuma data. Simu ya sauti yenye milio ya paneli ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mitandao ya simu za mkononi nayo hubana sauti. Meseji inatosha kumwarifu mwenye nyumba, lakini mtandao haumhakikishii mtu muda wa kufika, na sote tumewahi kupokea meseji ya saa tatu usiku asubuhi ya pili. Data ndiyo inayofaa kwa ufuatiliaji wa kampuni, kwa kuwa hujibiwa ndani ya sekunde chache na paneli hujua kama imesikika.

Redio hutuma ujumbe mfupi kwa masafa ya kampuni ya ulinzi, kutoka antena iliyo juu ya bati hadi kwenye mlingoti wa kurudishia mawimbi, kisha chumba cha udhibiti. Vifaa vingi vya aina hii hutuma bila kupokea. Kwa kuwa havisikii jibu, hurudia ujumbe uleule mara kadhaa kwa matumaini kwamba mmojawapo utafika. Vipo vya njia mbili vinavyopokea jibu, navyo ni bora zaidi, kwa hiyo mteja aulize kwa maneno hayo hayo: je, redio hii inasikia jibu?

Umeme unapokatika

Hapa simu ya shaba ina sifa ambayo hakuna nyingine inayoifikia. Jozi ya nyaya inayofika nyumbani hubeba umeme wa volti 48 kutoka kituo cha simu, ambako kuna betri na jenereta, kwa hiyo Tanesco au Kenya Power wanapokata umeme wa mtaa laini huendelea kuwa hai. Paneli yenyewe hutegemea betri yake, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Mfumo mdogo unaotumia miliampea 300 utadumu nayo zaidi ya saa 20 kwa hesabu ya karatasi. Kwa betri iliyokaa miaka mitatu ndani ya kisanduku cha bati kwenye joto la pwani, hesabu hiyo isiaminiwe.

Faiba ni kioo, na kioo hakibebi umeme. Kifaa kinachopokea faiba na ruta vyote hula umeme wa nyumba, na vikizimika simu na intaneti huzimika navyo, hata kama paneli ina betri mpya. Anayechagua njia hii lazima aweke betri ya akiba kwa vifaa vyote viwili, na aihesabie gharama yake tangu mwanzo.

Moduli ya laini ya mkononi na redio huchota umeme kwenye betri ya paneli, na hilo ni jambo jema. Kuna jambo moja dogo ambalo mafundi wachache hulitaja: moduli ya 2G inapotuma huvuta umeme kwa mikupuo inayoweza kufikia ampea 2. Betri iliyochoka inaweza kuonekana nzima siku zote, kisha volti zake zikaanguka wakati uleule moduli inapoita msaada, na moduli ikajizima na kujiwasha upya. Betri hupimwa ikiwa chini ya mzigo, umeme wa nyumba ukiwa umezimwa.

Mwizi, radi na kutu

Waya wa shaba huonekana. Hutoka kwenye nguzo, hushuka ukutani, na katika nyumba nyingi huingia ndani kwenye kimo cha mkono wa mtu mzima, mahali ambapo koleo moja linatosha. Tena wizi wa nyaya za shaba ni tatizo linalojulikana Kenya na Tanzania, na mtaa mzima unaweza kupoteza simu usiku mmoja bila mwizi huyo kuwa na habari na nyumba yako. Waya mrefu pia huleta radi ndani, ndiyo maana paneli inahitaji kizuizi cha radi na waya wa ardhini uliofungwa kweli kwenye nondo ya ardhini. Karibu na bahari hewa ya chumvi hula viungio: ukifungua kisanduku cha simu kwenye nyumba ya Msasani au Nyali ukakuta skrubu zimeota kutu ya kijani, umepata chanzo cha mkwaruzo unaoharibu milio ya paneli.

Faiba hailiwi na kutu ya aina hiyo wala haipitishi radi kupitia kioo chake, lakini hukatwa kwa urahisi uleule, na hupita ukuta uleule.

Laini ya mkononi haina waya wa kukata. Udhaifu wake ni vifaa vya kuziba mawimbi, pamoja na mtandao wenyewe kuwa dhaifu katika nyumba yenye kuta nene au iliyo bondeni. Moduli nzuri hutambua kwamba mawimbi yamezibwa na kupiga king'ora. Redio nayo haina waya wa nje, na haitegemei mnara wa kampuni yoyote ya simu, jambo ambalo ni faida kubwa mitandao inapozidiwa. Antena yake tu ndiyo iwekwe pasipofikika kwa ngazi ya jirani.

Njia ikifa, nani anajua?

Paneli iliyounganishwa na waya wa shaba hupima volti za laini. Waya ukikatwa volti huanguka, taa ya hitilafu huwaka kwenye kibao cha namba, na ukiwa umeomba hivyo wakati wa kupanga mfumo, king'ora hulia iwapo alamu imewashwa. Omba hivyo. Bila mpangilio huo mwenye nyumba aliyesafiri hataiona taa, na chumba cha udhibiti hakitajua lolote mpaka jaribio namba 602 lishindwe kufika. Jaribio hilo mara nyingi hupangwa mara moja kwa siku, kwa hiyo nyumba inaweza kukaa saa 24 bila sauti.

Simu ya faiba ina mtego mbaya zaidi, na ndio ulionisukuma kuandika ulinganisho huu. Volti ambazo paneli inazipima hazitoki tena kwenye kituo cha simu. Zinatengenezwa na ruta iliyo sebuleni. Faiba ikikatwa barabarani, baadhi ya ruta huendelea kutoa volti hizo kwenye tundu la simu, na paneli huamini kwamba laini ni nzima. Taa haiwaki. Mwenye nyumba hulala akiwa na imani. Hali hii inaweza kutokea pia kwa vifaa vinavyoiga laini ya mezani kwa kutumia laini ya mkononi. Moduli ya intaneti haina tatizo hilo, kwa sababu chumba cha udhibiti kwa kawaida huwasiliana nayo kila baada ya dakika chache na kujua mara inapokosa kujibu.

Laini ya mkononi inayotumia data inaweza kusimamiwa kwa namna hiyohiyo. Inayotumia meseji pekee haisimamiwi na mtu: salio likiisha hukaa kimya, na laini isiyotumika kwa miezi inaweza kufungiwa na mtandao. Tanzania ina suala la ziada, kwani usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 unaifunga laini na kitambulisho cha mtu halisi. Laini ya alamu isajiliwe kwa jina la mwenye nyumba, wala si la fundi ambaye kesho atahamia mji mwingine.

Redio ya njia moja hutegemea majaribio ya kila kipindi, kama simu ya mezani. Kwa kuwa kutuma hakulipiwi kama simu, majaribio yanaweza kuwa ya karibu zaidi. Uliza ni kila saa ngapi, na uliza chumba cha udhibiti hufanya nini jaribio lisipofika.

Gharama na ufungaji

Kwa gharama tofauti ni hizi: simu ya mezani ina ada ya laini na malipo ya kila simu, faiba haina nyongeza kubwa kwa aliyekwisha kulipia intaneti, ukiacha betri ya akiba, laini ya mkononi inahitaji kifurushi kidogo kisichokatika, redio imo ndani ya ada ya mwezi ya kampuni, lakini kifaa mara nyingi ni mali yao na ukihama kampuni hukiacha. Kwa njia zote, kifaa kinachotuma kwenye mtandao kinapaswa kuwa kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, yaani TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya.

Katika kuunganisha simu ya mezani kuna kanuni moja isiyovunjwa: waya wa nje uingie kwanza kwenye paneli, kisha utoke kwenda kwenye simu za nyumba. Kwenye paneli za chapa ya DSC, kwa mfano, waya wa nje hufungwa kwenye skrubu zilizoandikwa TIP na RING, na simu za ndani kwenye zilizoandikwa T-1 na R-1. Paneli inapotaka kupiga huzikata simu za ndani kwa swichi yake. Fundi akiunganisha paneli sambamba na simu nyingine, mwizi anahitaji tu kunyanyua mkono wa simu ya sebuleni na kuuweka mezani ili paneli isiweze kupiga. Kama laini hiyo hubeba pia intaneti ya waya wa shaba, kichujio kinachotenganisha simu na intaneti kikae kabla ya paneli na modemu ikae kabla ya kichujio. Huduma ya kumsubirisha mpigaji wa pili izimwe, kwa sababu mlio wake huingilia tarakimu.

Kwa laini ya mkononi, ondoa namba ya siri ya laini kabla ya kuichomeka, toa antena nje ya kisanduku cha chuma, na nunua moduli ya 4G inayoweza kushuka hadi 2G badala ya ile ya 2G peke yake. Kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima mitandao yao ya 3G mwaka 2022, na wenye alamu wengi walilazimika kubadilisha moduli. Uingereza inaondoa simu za kale za waya wa shaba, na tarehe ya mwisho iliyopangwa ni Januari 2027. Ndugu zetu walioko huko wenye alamu zilizofungwa kwenye simu ya mezani wana sababu ya kuwapigia wafungaji wao sasa.

Mfumo ukishafungwa, fundi asiondoke kabla ya jaribio hili. Kijulishe chumba cha udhibiti kwamba unajaribu. Zima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu, washa alamu, chomoa waya wa simu au faiba, au toa antena, kisha simama mbele ya kibao cha namba ukiwa na saa mkononi. Andika ilichukua muda gani taa kuwaka, na muda gani chumba cha udhibiti kukupigia. Hatimaye rudisha njia, fungua mlango, na mwombe mhudumu akusomee alichopokea: namba ya mteja, tukio na sensa.

Kwa hali yako

Kama una simu ya mezani ya shaba inayosikika bila mkwaruzo, na umeme wa eneo lako hukatika mara kwa mara kwa muda mrefu, iendelee kuwa njia yako, mradi waya upite ndani ya bomba la chuma au uingie juu ya dari, na king'ora kipangwe kulia ukikatwa. Inawafaa pia wazee wanaoishi kwenye nyumba yenye mtandao hafifu wa simu za mkononi.

Kama una faiba pekee, tumia moduli ya intaneti na betri ya akiba. Tundu la simu la ruta litumike tu pale paneli ni ya zamani na haikubali moduli, na hapo fanya jaribio la kuchomoa faiba kabla ya kulipa fundi.

Mpangaji anayehama baada ya mwaka mmoja au miwili, au aliye kwenye mtaa mpya usio na waya wa aina yoyote, anafaa laini ya mkononi kwa data, kwani atang'oa na kuondoka nayo. Anayejenga Kigamboni akiwa Leicester, Uingereza, naye inamfaa, ila amtafute mtu wa karibu atakayeitika, kwa sababu meseji inayomfikia mwenye nyumba akiwa bara jingine haifungui geti.

Mwenye mkataba na kampuni ya ulinzi yenye magari ya doria karibu na kwake hana sababu ya kukataa redio, hasa kama ni ya njia mbili.

Duka la dhahabu, nyumba inayobaki tupu kwa miezi, au familia iliyokwisha kutishiwa inahitaji njia mbili zisizoshiriki udhaifu mmoja: shaba pamoja na laini ya mkononi, faiba pamoja na redio, au laini ya mkononi pamoja na redio. Shaba na faiba kwa pamoja si njia mbili kama zote zinaingia kwenye tundu lilelile la ukuta.

Na asiye na kampuni yoyote, anayetaka alamu imwarifu yeye na ndugu zake tu, aweke laini ya mkononi yenye namba angalau tatu, akiwamo jirani anayelala mtaa uleule. Asipange mashine ipige 112, namba ya dharura, kwa sauti iliyorekodiwa: askari aliye upande wa pili ataanza kwa kuuliza mahali, na mashine haitamjibu.